Ihsani ya Sewa Haji

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo watu hupenda kuyapita upesi ni hili: mtu aliyechuma mali kwa njia zilizowaumiza baadhi ya viumbe, kisha akaitoa mali hiyo kwa ajili ya viumbe wengine, ametenda jambo gani? Wepesi wa kusifu husema ametenda wema. Wepesi wa kulaumu husema amejinunulia jina. Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba yanamtazama mtoaji peke yake, kama kwamba sadaka ni jambo lianzalo katika mkono wake na kukomea katika dhamiri yake. Wapokeaji hawaulizwi, na wale ambao mali ilipita mabegani mwao kabla ya kufika mkononi mwa tajiri hawatajwi kabisa.

Swali hili laweza kuchunguzwa kwa mifano mingi, lakini mwambao wa Tanzania unao mfano wake wenyewe ulio karibu. Ni maisha ya Sewa Haji Paroo, mfanya biashara wa Bagamoyo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwezi wa Februari 1897, akiwa bado hajafikia umri wa uzee. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, katika jamaa ya wale Wahindi waliovuka bahari kwa pepo za kaskazi wakafungua maduka Unguja na pwani ya Mrima. Duka la jamaa yake lilianza kwa baba yake, Haji Kanji. Mtoto alilikuta duka akaliacha limekuwa mlango wa bara.

Kusema kwamba lilikuwa mlango si kutia chumvi. Katika miaka ile Bagamoyo ilikuwa kichwa cha njia kuu ya misafara iendayo Tabora na Ujiji, na hakuna msafara ulioweza kuondoka pasipo vitu vitatu: bidhaa, watu wa kuzichukua, na mkopo. Sewa Haji aliweza kutoa vyote vitatu. Ghalani mwake mlikuwamo merikani na kaniki, shanga za kila rangi, masango ya shaba, bunduki na baruti. Mwenye msafara aliyepungukiwa na fedha alipewa mali kauli, yaani bidhaa kwa ahadi, akaenda nazo bara kwa mwaka mmoja au miwili au zaidi, na aliporudi alilipa kwa pembe za ndovu kwa bei iliyokwisha kukatwa. Faida ya biashara hii ilikuwa kubwa kwa sababu hatari yake ilikuwa kubwa. Msafara ulioangamia njiani uliangamia pamoja na deni.

Lakini bidhaa hazina miguu. Kila doti ya nguo na kila pembe ilipanda na kushuka juu ya bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, nazo ni kama kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria yake na posho yake. Toka Bagamoyo hata Tabora ilikuwa safari ya miezi miwili mpaka mitatu, katika mbuga zisizo maji na mabonde yenye homa. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, na ni lazima haki yao itolewe hapa: hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, waliogoma walipodhulumiwa, na kwao kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa hajawa mtu mzima bado. Mwandishi yeyote anayewachora kama kundi la wanyonge waliosukumwa kwa fimbo anawanyang'anya fahari yao kwa jina la kuwahurumia.

Hata hivyo haiwezekani kuitenga biashara ya pembe na biashara ya watu kama mtu atengavyo mchele na chuya. Misafara yenye silaha iliyokwenda Manyema kutafuta pembe ilirudi aghalabu na mateka pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa mpaka hali hiyo ilipoondolewa kisheria mwezi wa Aprili 1897, wiki chache baada ya Sewa Haji kufa. Kwa matajiri wa Kihindi jambo hili lilikuwa na sura ya pekee. Mwaka 1860 balozi wa Kiingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru maelfu ya watumwa waliowamiliki. Tangu hapo Mhindi wa Unguja au wa Bagamoyo hakuweza kumiliki mtumwa kwa amani. Lakini sheria iliyomkataza kushika mnyororo haikumkataza kumkopesha anayeushika. Aliweza kukaa dukani pake, mikono yake safi, na hesabu yake ikanenepa kwa mambo yaliyotendeka mahali ambapo macho yake hayakufika. Hapana haja ya kumzulia Sewa Haji maovu ambayo hakuyafanya. Yatosha kusema kwamba alisimama mahali ambapo njia zote mbili, ya halali na ya dhuluma, zilipita mbele ya duka moja.

Jina la mji wenyewe linabeba maana hizi mbili. Wako wanaosema kwamba Bagamoyo ni bwaga moyo, mahali ambapo mpagazi huushusha mzigo, moyo wake ukatua. Wako wasemao kwamba ni mahali ambapo mateka aliubwaga moyo wake, kwa kuwa mbele yake palikuwa na bahari. Wataalamu wa lugha na wabishane. Mali ya Sewa Haji ilitoka katika maana zote mbili.

Uko ushahidi wa zamani juu ya tabia yake, nao si mzuri. Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Bagamoyo kutayarisha safari ya kumtafuta Livingstone. Alishindwa kupata wapagazi, hata tajiri mkubwa wa Unguja, Tharia Topan, akamwandikia barua kwa kijana mmoja wa Bagamoyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 Stanley amemwita kijana huyo Soor Hadji Palloo, na amejaza kurasa kadhaa kumlalamikia: kwamba alimwongopea, kwamba alimchezea katika hesabu za nguo na za wapagazi, kwamba hakuona haya alipokamatwa. Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ishirini. Ushahidi huu haufai kupokewa wala kutupwa kwa haraka. Stanley aliandika ili kitabu kisomwe, na mtu ambaye kwa kalamu yake mwenyewe anasimulia alivyowacharaza watu wake kwa mjeledi si kadhi bora wa tabia za wengine. Lakini kulalamika juu ya hesabu si jambo ambalo msafiri hulibuni kwa ajili ya mapambo. Inaelekea kwamba Sewa Haji alijifunza biashara kwa ukali wake wote, na kwamba alianza mapema.

Huyu ndiye mtu ambaye, robo karne baadaye, aligawa alichokichuma. Aliwasaidia wamisionari wa Kikatoliki wa Bagamoyo ingawa hakuwa wa dini yao. Aliwafikiria wakoma, ambao katika zama zile hata ndugu zao waliwakimbia. Mwaka 1896 alikabidhi kwa serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa pale Bagamoyo liwe shule, na mwaka 1897, mwaka wa kufa kwake, ilijengwa Dar es Salaam hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Si desturi ya matajiri wa njia ya misafara kufanya hivi. Wengi walirudi Bara Hindi na mali zao, au waliwaachia watoto wagombane.

Sasa mizani iletwe. Aristotle, katika maandiko yake juu ya maadili, amesema kwamba mkarimu wa kweli hutazama mambo mawili: hutoa panapostahili, na huchukua panapostahili. Anayechukua pasipostahili, hata akatoa kwa wingi, ukarimu wake una ufa. Kwa mizani hii Sewa Haji anapungua, wala si yeye tu. Ni vigumu kumpata mfadhili wa karne ile, Mashariki au Magharibi, ambaye hapungui. Katika miaka hiyo hiyo tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie, alikuwa akiandika kwamba mwenye mali ni mdhamini tu wa mali yake na kwamba yampasa kuitoa angali hai. Aliyaandika hayo mwaka 1889. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waliokataa kupunguziwa ujira walipambana na walinzi waliokodiwa, na watu wakafa pande zote mbili, naye mwenyewe yuko Scotland. Maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake. Carnegie alikuwa na jibu tayari: kwamba mali ikigawanywa senti senti katika ujira itapotea katika kula na kuvaa, bali ikikusanywa katika mkono mmoja wenye busara italeta faida kubwa kwa wote. Ni jibu la werevu, lakini lina tundu. Linachukulia kwamba mwenye jasho hajui linalomfaa, na kwamba mkono wenye busara ni ule ule ulioshika hesabu.

Ghazali alikuwa amekwisha kulipita tundu hilo karne nane kabla. Katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa halali na haramu, anachunguza hali ya mtu ambaye mkononi mwake imo mali isiyo yake kwa haki, naye anataka kutubu. Hamwambii atoe sadaka. Kwanza anamtaka amtafute mwenyewe wa mali ile amrudishie, na akiwa amekufa amrudishie mrithi wake. Ni pale tu ambapo mwenyewe hajulikani wala hapatikani ndipo mali ile hutolewa kwa masikini au kwa manufaa ya umma, nayo haitoki kama fadhila ya mtoaji bali kama njia ya kuifikisha kwa wanaoistahili. Msomaji ataona jinsi hukumu hii ilivyo nzito. Inatenga vitu viwili ambavyo tajiri hupenda vichanganyike, yaani deni na ihsani. Dawa ya deni, kama wasemavyo watu wa pwani, ni kulipa. Haikusemwa kwamba dawa ya deni ni kumpa jirani zawadi.

Je, wenyewe wa mali ya Sewa Haji walijulikana? Mpagazi alikuwa na jina. Liliandikwa katika daftari la msafara siku alipopokea nguo za ujira wake, na liliandikwa tena akifika, au lilifutwa akifa. Lakini daftari moja lilifuatwa na jingine, na watu walihesabika kwa maelfu, na baina ya bega la mpagazi na sanduku la tajiri ilikuwapo mikono ya mwenye msafara, ya kirangozi, ya mnunuzi wa Unguja, na ya mchonga pembe wa Ulaya aliyefanya funguo za kinanda. Mateka, kwa upande wao, hata jina la kwao lilikwisha kupotea. Kwa hiyo hali ya Sewa Haji yaelekea kuwa ile ya mwisho katika hukumu ya Ghazali: wenyewe wako, hawahesabiki, hawarejeleki mmoja mmoja. Hospitali mwishoni mwa njia, mahali ambapo watu wa bara waliwasili na homa zao na vidonda vya mabega yao, si malipo kamili ya deni kama hilo, lakini si jambo lililo mbali nalo. Yamkini ni karibu zaidi kuliko mambo mengi yaitwayo ihsani.

Tena kuisema hivyo hakumshushi hadhi. Watu hudhani kwamba kumwita mfadhili mlipaji wa deni ni kumvunjia heshima. Kulipa ni heshima kubwa kuliko kutoa, maana anayelipa amekiri kwamba mwenziwe ana haki. Tofauti haimo katika kitu kinachopokelewa. Mdai na mwombaji huweza kusimama katika mlango mmoja wakapewa kipimo kile kile cha dawa. Mmoja huondoka na chake. Wa pili huondoka na deni jipya, deni la shukrani, na deni hilo halina risiti wala mwisho. Jumuiya nzima yaweza kutiwa katika deni la namna hii kwa majengo machache, ikasahau kwamba hapo kwanza yenyewe ndiyo iliyokuwa ikidai.

Yafaa kumtazama Tharia Topan kwa upande wa pili. Huyu alikuwa tajiri kuliko Sewa Haji, alisimamia forodha ya Unguja, na ndiye aliyemkopesha Tippu Tip katika safari zake. Tippu Tip mwenyewe amemtaja katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili. Mwaka 1887, katika jubilei ya miaka hamsini ya Malkia Victoria, Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya fahari katika ufuko wa Unguja. Mwaka 1890 alipewa cheo cha Sir. Mwaka uliofuata alifariki Bombay, jengo bado halijakwisha, na mjane wake ndiye aliyelimalizia. Baadaye liliangukia mikononi mwa tajiri mwingine, likawa na zahanati ya hisani chini na makazi juu. Roshani zake zilizochongwa ni miongoni mwa kazi nzuri kupita zote za Mji Mkongwe, na anayezitazama huona upesi kwamba macho ya mjenzi yalielekea baharini, zilikotoka meli za Malkia. Aristotle alikuwa na neno lake kwa matumizi ya namna hii. Aliyaweka mbali na ukarimu wa kawaida, akayaita fahari, tena akaonya kwamba fahari hugeuka kuwa majivuno pale mtu anapotumia ili atazamwe. Topan hakuwa mtu mbaya. Lakini zawadi yake ilikwenda juu, kwa wakubwa, nayo ilitarajiwa kuwadondokea wagonjwa njiani.

Zawadi ya Sewa Haji ya mwaka 1896 ilikuwa na jambo ambalo halipatikani katika ile ya Unguja. Ilikuwa na sharti. Shule ile isimfukuze mtoto kwa sababu ya taifa lake. Mwafrika, Mwarabu na Mhindi waingie mlango mmoja. Leo sharti hilo laonekana dogo. Liwekwe katika mwaka wake: miaka saba tu baada ya Bushiri kunyongwa Pangani kwa kupigana na Wajerumani, katika nchi ambayo mtawala mpya alianza kuwapanga watu kama duka linavyopanga bidhaa, kila aina na rafu yake. Mfanya biashara mwenye kuitegemea serikali hiyo kwa leseni na kwa biashara angeweza kutoa jengo na kunyamaza, akashukuriwa. Yeye alitoa jengo akafunga mkono wa mpokeaji. Hapa ndipo mtu wa hesabu alipowapita wenziwe wa siasa. Alijua kutokana na kazi yake kwamba kitu kilichotolewa bila maandishi hurudi kwa mwenye nguvu. Sharti lile lilimfanya mtoto wa Kimwera au wa Kizaramo afike mlangoni si kama aliyeruhusiwa bali kama mwenye haki, na hati ya kudai. Ikiwa iko sehemu moja katika maisha ya Sewa Haji ambapo ihsani ilikoma kuwa ihsani ikawa uadilifu, ni katika mistari hiyo michache.

Hospitali haikupata bahati hiyo. Mwaka ule ule wa 1897 Wajerumani walimaliza hospitali nyingine Dar es Salaam, katika ufuko wa Ocean Road penye upepo, kwa ajili ya Wazungu. Ile ya Sewa Haji ikawa ya Waafrika na Wahindi. Waingereza walipoitwaa nchi hawakubadili mpango. Hivyo jina la mtu aliyeandika kwamba watoto wasitengwe kwa mataifa yao lilikaa kwa karibu miaka sitini juu ya mlango uliowatenga wagonjwa kwa mataifa yao. Serikali iliipokea fadhila yake, ikaitumia kupunguza wajibu wake yenyewe; kwani hospitali ya wenyeji iliyokwisha kujengwa kwa mali ya Mhindi ni hospitali ambayo hazina haikulazimika kuijenga. Jambo hili halimhukumu mtoaji. Lakini linaonyesha udhaifu uliomo ndani ya kila ihsani ya tajiri: akifa yeye, yabaki maamuzi ya wenye nguvu, na wapokeaji, ambao hawakuwahi kuitwa wenyewe, hawana la kusema.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikaja kuitwa Muhimbili. Jina la tajiri wa Bagamoyo halikufutwa. Lilihamishiwa katika moja ya majengo ya wodi, likaandikwa kwa neno moja, Sewahaji, na wagonjwa wengi walitajao hudhani ni jina la mahali. Wako waliouliza kama jina la mtu aliyetajirika kwa njia ya misafara linastahili kubaki katika hospitali ya taifa huru. Kulifuta kungekuwa kosa, si kwa kuwa alikuwa mtakatifu, bali kwa kuwa nchi isiyokumbuka ilipewa nini na nani haitaweza pia kukumbuka ilichukuliwa nini.

Tena jina hilo halikai peke yake. Jengo jingine la wodi katika hospitali hiyo huitwa Kibasila, nalo ni jina la jumbe wa Kizaramo aliyekataa kulimisha watu wake pamba ya serikali, akanyongwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Kibasila hakuacha nyumba wala fedha. Serikali iliyomtia kitanzi ndiyo ile iliyopokea hati ya Sewa Haji na kumshukuru, na baina ya mambo hayo mawili haikupita hata miaka kumi na miwili. Majengo yote mawili yalijengwa kwa kodi, na mgonjwa apelekwaye katika moja au katika jingine hupelekwa kwa kufuata ugonjwa wake.